Karatasi Kuukuu Katika Miji ya Butembo na Beni

Miji ya Butembo na Beni, inayotenganishwa na barabara ya kilomita 54 hivi katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, haijawahi kuwa na kiwanda cha kutengeneza karatasi, na kwa sababu hiyo historia ya karatasi huko ni historia ya bidhaa inayotoka mbali, inayofika ikiwa imebeba gharama ya kila mpaka na kila mlima, na ambayo wenyeji wameizoea kuitumia mara mbili, tatu au zaidi kabla ya kuiachia moto wa jikoni. Wanaoandika juu ya faida za kimazingira za karatasi iliyotumika tena huanza karibu kila mara na kiwanda, wakahesabu miti iliyookolewa, maji yaliyobaki mtoni na umeme usiotumika. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini katika nchi ya Wanande, wenyeji wa eneo hili, haitoshi, kwa kuwa mti unaonusurika pale mwanafunzi wa Butembo anapoandika upande wa pili wa karatasi ni mti wa nchi nyingine; faida inayoonekana kwa macho katika miji hii miwili imetokea kwingine, yaani katika makala (mkaa wa miti) yasiyochomwa na katika mifuko ya plastiki isiyotupwa mitoni.

Hata hivyo hesabu ya kiwandani inapaswa kueleweka kwanza, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwa nini karatasi kuukuu ni mali. Karatasi ni nyuzinyuzi za mimea zilizotenganishwa ndani ya maji, zikatandazwa juu ya wavu, zikakandamizwa na kukaushwa. Nyuzi hizo hupatikana hasa kwa kuchemsha vipande vidogo vya mbao pamoja na dawa zinazoyeyusha lignini, ambayo ni gundi ya asili inayoufanya mti uwe mgumu, na kwa njia hiyo takriban nusu tu ya uzito wa mbao kavu ndiyo inayobaki kuwa rojo la karatasi. Karatasi iliyokwisha kutumika imekwisha kuivuka hatua hiyo nzito: inahitaji kulowekwa, kupondwa, kuondolewa wino na kutandazwa upya, na ndiyo maana inaokoa miti, inatumia maji na nishati kidogo zaidi, na inapunguza gesi ya methani inayozaliwa pale karatasi inapooza chini ya rundo la taka bila kupata hewa. Kuna mipaka yake: nyuzi hukatika na kufupika kila zinapopondwa, hivyo hustahimili mizunguko mitano hadi saba hivi, na kazi ya kuondoa wino huacha tope ambalo nalo linahitaji mahali pa kutupwa. Ufundi wenyewe ni wa zamani. Japani ilikuwa ikitengeneza karatasi mpya kutokana na karatasi za zamani tangu karne ya 11, na mwaka 1774 Mjerumani Justus Claproth alichapa maelezo ya namna ya kuosha wino wa kitabu na kukigeuza kuwa karatasi tena, katika zama ambazo Ulaya ilikuwa bado inategemea matambara ya pamba na kitani.

Huku kwenye miji hii miwili, katika bonde la Semliki na milima ya Lubero, kazi ambazo baadaye zilishikwa na karatasi zilikuwa zikifanywa na mimea mibichi. Jani la mgomba lilifunga chakula, likakinga chumvi na unyevu, likafunika chungu, kisha likarudi shambani kuwa mbolea. Na upande wa magharibi, katika msitu wa Ituri, Wambuti waligonga magome ya miti hadi yakawa kitambaa laini cha kuvaa, ufundi ulio jirani sana na ule wa karatasi, kwani huo na huu hutegemea nyuzi za mimea zilizolegezwa kwa maji na kipigo. Karatasi yenyewe iliingia na wafanyabiashara waungwana waliotoka Manyema na pwani, wasemaji wa Kiswahili ambao msafiri H. M. Stanley aliwakuta wamekwisha kuweka vituo ndani ya Ituri alipopita huko katika miaka ya 1887 hadi 1889, kisha ikaja kwa wingi zaidi na watumishi wa Dola Huru ya Kongo. Ilikuwa bado kitu cha mtu mkubwa.

Mabadiliko yaliletwa na shule na mgodi. Mapadri Waasumpsionisti walifika eneo la Beni mwaka 1929, vikariati ya Beni ikaundwa mwaka 1938, ikawa dayosisi mwaka 1959 na kuitwa Butembo-Beni kuanzia mwaka 1967. Wabaptisti nao walijenga misheni yao Katwa, kandokando ya Butembo. Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo kampuni ya madini iliyoitwa Minière des Grands Lacs iliweka kambi yake mahali ambapo ungekua mji wa Butembo. Katekisimu, daftari la hesabu, kitabu cha mahudhurio ya vibarua, risiti ya kodi na hati ya kusafiri viliingia hivyo katika maisha ya watu ambao baba zao hawakuwa na haja navyo. Daftari la shule, ambalo watu wa Kongo huliita kaye, ndilo lililoizoesha jamii nzima tabia ya kutotupa karatasi, kwa kuwa lilinunuliwa kwa fedha iliyotokana na maharage, kahawa au kibarua, na mzazi aliyelilipia alijua bei yake. Kaye ya mkubwa ilirithiwa na mdogo kwa kurasa zilizobaki tupu, na kurasa zilizokwisha kujaa zilipelekwa sokoni.

Safari ya ukurasa huo inastahili kuangaliwa kwa karibu. Muuza karanga hununua makaye yaliyojaa kwa uzito au kwa rundo, huyavua pini za chuma, hukata kila karatasi vipande viwili, kisha huzungusha kipande kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada hadi kiwe pembe yenye ncha iliyobana, hukunja ncha ili isivuje, na humimina karanga kwa kipimo cha kizibo. Mnunuzi akimaliza, karatasi ile ile huingia mfukoni ikawashie moto wa jioni. Mwandiko wa mtoto juu ya mito ya Afrika umefanya kazi tatu, ambazo ni kufundisha, kufungasha na kuwasha, na katika kazi mbili za mwisho haujahitaji tone la maji wala dawa ya kiwandani. Wataalamu wa mazingira huweka matumizi ya namna hiyo juu ya urejelezaji, yaani juu ya kukigeuza kitu kuwa malighafi upya, kwa sababu kitu kinachotumika kama kilivyo hakidai nishati nyingine. Na kwa kipimo hicho wauza karanga wa Butembo na Beni wametangulia viwanda vingi.

Biashara ndiyo iliyoongeza aina za karatasi zilizokuwa zikizunguka. Kuanzia kipindi cha baada ya mwaka 1973, Rais Mobutu alipotwaa mali za wageni na uchumi rasmi wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ukaanza kuporomoka, wafanyabiashara wa Butembo walijitengenezea njia zao wenyewe, kwanza kwa kahawa na mboga, halafu kwa magari, vitambaa na vifaa vilivyoagizwa kutoka Dubai, Hong Kong na hatimaye Guangzhou, vikashushwa Mombasa na kuvukishwa Uganda hadi mpaka wa Kasindi. Kila kontena lilileta bidhaa pamoja na ngozi yake ya makatoni, na makatoni yakawa godoro la mlinzi wa usiku, kizuizi cha upepo katika kibanda, meza ya muuza vitunguu, sakafu ya kuanikia na kifungashio cha safari ya pili. Saruji, ambayo kwa sehemu kubwa inatoka Uganda, na hasa kiwanda cha Hima katika wilaya ya Kasese, ng'ambo tu ya mpaka, ilikuja katika mifuko ya karatasi ngumu ya kahawia yenye tabaka zaidi ya moja. Karatasi hiyo imetengenezwa kwa nyuzi ndefu ili isipasuke kwa uzito wa kilo 50, na fundi cherehani akiukung'uta mfuko na kuupasua, tabaka lisilogusa saruji humpa karatasi imara ya kukatia ruwaza za nguo. Ubora ulionunuliwa kwa ajili ya saruji unaendelea hivyo kutumika kwa miaka katika ushonaji.

Kuna upande wa historia hii unaoumiza. Miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa watumishi wake na mfumuko wa bei ukapita asilimia 9,000 katika mwaka 1994, ofisi nyingi za Zaire ziliishiwa hata karatasi za kuandikia, zikaandika nyuma ya hati za zamani. Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 vikafuata, na makabati yakavunjwa. Katika sehemu nyingi za Kongo nyaraka za tawala za wilaya, za kampuni na za mahakama ziliishia sokoni, zikafungia sukari na karanga. Mwanahistoria hawezi kuisifu kazi hiyo ya kuokoa karatasi bila kuona kilichopotea ndani yake: orodha za kodi, mipaka ya mashamba iliyoandikwa kabla ya uhuru, majina ya vibarua wa migodi. Karatasi ya kaye na ya hati ya ardhi zina thamani moja mezani pa muuza karanga, na jamii isiyo na hazina ya nyaraka iliyo salama huzitumia zote kwa namna moja. Kuhifadhi nyaraka na kutumia tena karatasi kungepaswa kuwa kazi ya mkono mmoja unaojua kuchagua.

Mshindani mkubwa wa karatasi kuukuu alikuja taratibu. Mfuko mwembamba wa plastiki, ambao mjini huitwa sashe, ulikuwa mwepesi, haukulowa, ulionyesha kilichomo na ulipatikana kwa bei ndogo kiasi kwamba muuzaji aliutoa bure, na ndani ya kipindi kifupi ulinyang'anya karatasi na jani la mgomba nafasi yao. Tofauti ilionekana mvua iliponyesha. Butembo imejengwa juu ya vilima, kwenye kimo kinachokaribia mita 1,800, na maji ya mvua hukokota kila kilicho juu hadi katika vijito na mto Kimemi. Karatasi iliyofika huko ililainika na kuoza, lakini sashe zilikusanyika katika mifereji, zikaziba madaraja, zikafukiwa katika mashamba ya mabondeni ambako jembe lilizifukua msimu baada ya msimu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Serikali ya Kongo nayo, chini ya Waziri Mkuu Bruno Tshibala, ilitoa amri namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 iliyokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki, lakini utekelezaji wake ulikuwa hafifu, na Beni na Butembo, zinazolishwa na barabara ya Uganda ambako katazo kama hilo lilidhoofu pia, ziliendelea kupokea sashe kama zamani. Amri ile ilikuwa ya haki. Ilichokosa ni kuandaa kitu cha kushika nafasi ya kile ilichokiondoa, ilhali kitu hicho kilikuwa tayari mikononi mwa wauzaji wadogo na kingehitaji msukumo mdogo tu.

Muda mfupi baadaye janga lilifika ambalo liliibadilisha namna watu walivyotazama kila kitu kinachopita mkono hadi mkono. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa homa ya Ebola katika eneo la Mangina, karibu na Beni. Ilienea hadi Butembo na Katwa, na ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imewapata watu 3,470, kati yao 2,287 wakafariki. Ndani ya vituo vya matibabu karatasi iliyoingia katika sehemu ya wagonjwa haikutoka tena: taarifa za mgonjwa zilisomwa kwa sauti ng'ambo ya uzio au zilipigwa picha, na karatasi yenyewe ikachomwa pamoja na taka nyingine. Somo la kiafya lililotokana na hali hiyo lina nafasi katika mjadala huu, kwa kuwa si kila karatasi inafaa kwa kila kazi. Wino wa magazeti na wa mashine una mafuta yanayoweza kuhamia katika chakula chenye mafuta au cha moto, vumbi la saruji huunguza ngozi na mapafu, na karatasi iliyotoka hospitalini haina mahali pengine pa kwenda isipokuwa tanuri lake. Mandazi ya moto yafungwe katika karatasi safi au jani; karatasi yenye wino ina kazi nyingine zinazoifaa zaidi.

Kazi iliyo kubwa kuliko zote inahusu moto, na hapa ndipo suala la karatasi linapokutana na suala la msitu. Tangu miaka ya 1940 na 1950 utawala wa kikoloni uliwalazimisha wakulima wa milima ya Lubero kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko na kupanda miti, hasa mikaratusi. Amri hiyo ilichukiwa, lakini baada ya uhuru wakulima wenyewe waliendelea kupanda kwa hiari, kwa kuwa mji wa Butembo ulikuwa ukinunua kila kilichovunwa: nguzo, mbao, kuni za kuchomea matofali, na makala. Mkaratusi ni miongoni mwa miti inayotumika sana duniani kutengenezea karatasi, na Brazili na Ureno zimejenga viwanda vikubwa juu yake, lakini ule wa Lubero haukuwahi kuwa karatasi. Uliishia katika jiko. Mashamba ya miti hayakutosheleza mahitaji, na kwa kadiri miji ilivyopanuka makala yalitafutwa mbali zaidi, magharibi kuelekea misitu ya asili ya Manguredjipa na Mambasa, na mashariki ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Kuchoma makala katika tanuri la udongo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu iliyomo katika mbao, kwa hiyo gunia moja jikoni ni mti mwingi zaidi msituni kuliko gunia linavyoonyesha.

Ni kwa ajili hiyo Hifadhi ya Virunga na washirika wake, kuanzia mwaka 2008 na 2009, walieneza katika vijiji vya Kivu ya Kaskazini mashine za mbao za kukamulia brikete, ambazo ni mabonge ya kuwashia yaliyotengenezwa kwa taka za mimea. Kazi yenyewe haina siri. Karatasi huchanwa vipande vidogo, hulowekwa hadi ilainike, hutwangwa iwe kama uji mzito, kisha huchanganywa na vumbi la mbao, majani makavu au maganda. Mchanganyiko humwagwa katika silinda yenye matundu na nguzo katikati, mti mrefu wa kukandamizia huinamishwa na maji yakatoka, na kinachobaki ni bonge la duara lenye tundu, ambalo huanikwa kwa siku kadhaa. Tundu hupitisha hewa ili bonge liwake hadi ndani. Vumbi la mbao peke yake lingemomonyoka. Ni nyuzi za karatasi zinazoshikana zinapokauka ndizo zinazolishikilia, na hapo karatasi kuukuu inafanya kazi ileile iliyoifanya ilipokuwa ukurasa. Beni, penye viwanda vya kupasua mbao zinazotoka Mambasa na kwingineko Ituri, ina vumbi la mbao linalorundikwa na kuchomwa bure. Butembo, yenye shule, vibanda vya fotokopi na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoanzishwa mwaka 1989, ina karatasi. Mahitaji mawili ya brikete yako kwenye ncha mbili za barabara moja.

Matatizo ya brikete hizo hayapaswi kufichwa. Zisipochomwa kwanza kuwa makala hutoa moshi mwingi kuliko makala, na mwanamke anayepika ndani ya chumba kisicho na dirisha ndiye anayeulipia. Hewa ya Butembo ni baridi na mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo kukausha kunahitaji paa lenye kupitisha upepo, jambo ambalo vikundi vinavyoanza kwa mikono mitupu havinalo. Karatasi ya magazeti ya rangi, iliyopakwa udongo mweupe ili ing'ae, huacha majivu mengi na haishikani vizuri. Karatasi ya kaye na katoni ndizo bora. Lakini kila brikete inayowaka chini ya sufuria ya maharage, chakula kinachokaa motoni kwa saa nyingi, imechukua nafasi ya makala ambayo mtu angeyafuata msituni, mara nyingi kwa hatari ya maisha yake, kwa kuwa tangu Oktoba 2014 mauaji yanayofanywa na waasi wa ADF yameyafanya mashamba na misitu ya eneo la Beni kuwa mahali pa kuogopwa.

Katoni zinabaki kuwa suala lisilotatuliwa. Ni karatasi yenye nyuzi ndefu, inayotafutwa na viwanda vinavyorejeleza, na Nairobi kuna kampuni kama Chandaria Industries, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo imejenga biashara yake ya karatasi laini juu ya karatasi kuukuu inayokusanywa mijini, tofauti na kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza uzalishaji mwaka 1974 kwa kula miti, kikalalamikiwa na wakazi kwa miaka kwa ajili ya hewa na maji ya mto Nzoia, na kikafungwa mwaka 2009 kwa sababu ya madeni. Malori yanayopanda kutoka Kasindi yakiwa yamejaa bidhaa hurudi na kakao, kahawa na mbao, na mengine hurudi na nafasi tupu. Kizuizi ni kwamba katoni iliyokunjuliwa inajaza lori kabla ya kulipa mafuta yake: ni nyepesi mno kwa nafasi inayochukua. Inayotakiwa ni mashine ya kubana, ya mkono au ya jeki, inayofanya marobota mazito kama ya nguo za mitumba, pamoja na ghala kavu lenye mizani, na soko ambalo mkusanyaji anajua bei yake kabla ya kuanza kazi.  Mpaka hapo vitakapopatikana, katoni inayolowa mvua nje ya duka la Butembo inapoteza thamani yake yote ndani ya usiku mmoja, na asubuhi hufagiliwa kuelekea Kimemi pamoja na sashe.